Mbavu za patasi

Mafundi wengi huipima patasi kwa makali yake. Mimi nashikilia kuwa makali ni nusu tu ya habari, tena nusu iliyo rahisi, kwa sababu yakiharibika hurudishwa kwenye kinoo. Mbavu hazirudishwi kirahisi hivyo. Jinsi pande mbili za bapa zilivyoumbwa ndiyo huamua patasi itafaa kazi gani na itamtesa seremala wapi.

Chukua fremu ya mlango wa mninga. Miimo miwili inatobolewa matundu ili ndimi za kizingiti ziingie humo. Tundu la nusu inchi kwa upana linaweza kwenda chini inchi mbili au zaidi. Seti nyingi za patasi zinazouzwa madukani leo ni za mbavu zilizolazwa: pande zote mbili za mgongo zimenyolewa kwa mshazari mpaka ukingo umebaki mwembamba. Ukiigonga patasi hiyo ndani ya tundu, ni ukingo huo mwembamba tu unaogusa kuta. Nyuzi za mninga mara nyingi zimepishana, kwa hiyo huisukuma upande, na patasi hujizungusha kidogo kidogo kila inapopigwa. Kuta za tundu zinapinda, ulimi unaingia ukicheza, na gundi inabebeshwa mzigo ambao ulikuwa wa mbao.

Juba, yaani patasi nene ya kutobolea matundu, limeumbwa kwa ajili ya kazi hiyo. Mbavu zake ni pana na zimesimama wima, na mara nyingi unene wake unazidi upana. Likishaingia milimita chache, mbavu hulala kwenye kuta zilizokwisha kukatwa na kuanza kuliongoza. Upana wa juba ndio upana wa tundu. Fundi hahitaji kunyoa kuta baadaye, na kwa kweli hatakiwi kuzigusa. Majuba yaliyotengenezwa vizuri yana jambo jingine dogo ambalo jicho huweza kulipita: mbavu hujibana kidogo kutoka kwenye uso bapa kuelekea mgongoni, ili chuma kisikwame tunduni.

Unene nao una hesabu yake. Chuma cha upana uleule kikiongezwa unene mara mbili, ukinzani wake dhidi ya kupinda huongezeka mara nane. Kutoboa tundu si kugonga tu. Baada ya kila mapigo machache fundi hulisukuma juba kama wenzo ili kung'oa vibanzi vilivyobanwa chini, na hapo ndipo patasi nyembamba hupinda au kuvunjika ncha. Nimeona patasi nzuri za kunyolea zikiharibiwa kwa namna hiyo, na inasikitisha, maana chuma chenyewe hakikuwa na kosa lolote.

Halafu kuna msukumo wa kabari. Makali ya patasi yana mteremko upande mmoja na uso bapa upande wa pili. Ukiigonga wima, mbao husukuma ule mteremko, na chombo kizima huhamia upande wa uso bapa. Ndiyo sababu ukiiweka juu kabisa ya mstari na kupiga kwa nguvu tangu mwanzo, mpaka wa tundu husogea nyuma ya mstari wenyewe. Kwa juba, lenye kabari nene, msukumo ni mkubwa zaidi. Seremala mzoefu huacha milimita mbili au tatu kila mwisho wa tundu, hufanya kazi yote ya kugonga na kung'oa katikati, kisha humalizia kwenye mstari wakati kibanzi kilichobaki ni chembamba na hakina nguvu ya kusukuma. Michubuko iliyotokana na kung'oa huondoka pamoja na kibanzi hicho.

Mbavu zilizolazwa zina kazi yake ya heshima. Kwenye pembe za droo, pale meno ya mbao yanapotanuka kuelekea nchani, kona ya ndani ni kali kiasi kwamba patasi ya mbavu wima haiwezi kuifikia bila kuchubua jino la pili. Ukingo mwembamba huingia humo bila taabu. Tatizo ni kuifanya patasi hiyo kuwa ya kila kazi.

Pembe ya makali hufuata mbao na pigo. Kunyoa kwa mkono mbao laini kunaridhika na nyuzi 20 hadi 25. Patasi ya kawaida inayogongwa hunolewa nyuzi 30 hivi, na juba 30 hadi 35. Mpingo, mti mzito kiasi cha kuzama majini, hauna huruma kwa makali membamba, yatamegeka.

Wajapani wamekwenda njia nyingine. Bapa zao huunganisha tabaka la chuma kigumu sana na chuma laini kinachobeba pigo, na uso bapa umechimbwa shimo la kina kifupi ili eneo la kusawazisha kwenye kinoo liwe dogo. Kichwani mwa mpini kuna pete, kwa kuwa patasi zao hupigwa kwa nyundo ya chuma.

Huku kwetu mhunzi anaweza kufua juba zuri kutoka springi ya lori. Mwombe akate ukanda ambao unene wa springi utakuwa unene wa juba, na asizinyoe mbavu kwa ajili ya urembo. Kabla ya kulipa, egemeza skwea kwenye uso bapa na ubavu. Mwanga ukipenya karibu na mgongo, juba ni zuri. Ukipenya kwenye kona ya uso bapa, mrudishie aliondoe kosa hilo, kwa sababu juba litakwama ndani ya tundu la kwanza.