Moto Uliofichwa: Uhakiki wa Riwaya ya "We Were Liars"

Kitabu tunachokusudia kukihakiki safari hii hakikuandikwa kwa Kiswahili, na walimu wenzetu wana haki ya kuuliza kimefikaje katika kurasa za jarida letu. Kilitufikia kwa mikono ya wanafunzi. Kwa muda wa muhula mzima kilikuwa kikipita chini ya madawati kwa siri, hata siku moja wasichana wawili wakagombana mpaka wakatoana machozi, kwa kuwa mmoja alimfichulia mwenzake mwisho wake. Tulikinyang'anya, kama ilivyo ada ya walimu, tukakisoma usiku ule ule. Kitabu kiwezacho kuwagombanisha vijana kwa ajili ya kurasa zake za mwisho hakifai kudharauliwa na mwalimu wa fasihi, awe wa lugha yoyote.

Riwaya hii ilitolewa nchini Marekani mwaka 2014. E. Lockhart ni jina la kalamu la Emily Jenkins, bibi mwenye shahada ya udaktari katika fasihi ya Kiingereza kutoka Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 2022 alitoa riwaya nyingine, "Family of Liars", inayorudi nyuma hadi ujana wa mama wa wahusika hawa, na mwaka 2025 hadithi yenyewe ilifanywa mchezo wa mfululizo wa televisheni. Jalada lake humwagiza msomaji kwamba akiulizwa kitabu kinaishaje, adanganye. Sisi hatutadanganya. Uhakiki unaoficha kiini cha kitabu ni tangazo la muuza vitabu, si uhakiki. Basi asiyetaka kuijua siri na aufunge ukurasa huu, akasome kwanza, kisha aturudie.

Msimulizi ni Cadence, mjukuu wa kwanza wa mzee Harris Sinclair, tajiri anayemiliki kisiwa kizima cha Beechwood karibu na pwani ya Massachusetts. Kisiwa hicho hakimo katika ramani. Ni cha kubuniwa. Humo mna nyumba kubwa ya mzee, iitwayo Clairmont, na nyumba tatu za binti zake: Carrie, Penny na Bess. Kila kiangazi ukoo hukusanyika huko. Cadence, pamoja na Johnny na Mirren, watoto wa mama zake wakubwa na wadogo, na kijana Gat, ambaye si wa damu yao, huunda kundi ambalo jamaa hulipa jina la Waongo. Katika kiangazi cha umri wa miaka 15 Cadence anapatwa na ajali. Anaokotwa ufukoni, kichwa kimeumia, kumbukumbu imetoweka, na tangu siku hiyo anasumbuliwa na kipandauso kikali. Miaka miwili baadaye anarudi kisiwani. Wenzake watatu anawakuta, wanacheka naye, wanaogelea naye. Lakini hakuna anayetaka kumweleza lililotokea. Mwisho tunajua. Watoto hao wanne waliichoma nyumba ya babu yao kwa makusudi, na watatu wakafia ndani. Aliokuwa akizungumza nao kiangazi chote walikuwa marehemu.

Msomaji aliyelelewa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla atahisi ameingia katika nyumba aijuayo, ila milango yake imegeuzwa. Katika "Mzimu wa Watu wa Kale", iliyotoka mwaka 1960, watu wanadhani mzimu ndio ulioua, naye Bwana Msa, kwa kiko chake na akili yake, anaonyesha kwamba ni mikono ya binadamu. Hapa tunaodhani ni binadamu ndio mizimu. Isitoshe, katika hadithi zetu za upelelezi mpelelezi ni mtu wa nje, anayekuja na utulivu wake kutazama msiba wa wengine. Cadence ni mpelelezi, ni majeruhi, na ni mkosaji, yote kwa pamoja. Anaitafuta nyayo na mwisho anagundua ni ya mguu wake. Wagiriki wa kale walikwisha kuijua njia hii kwa mfalme wao Oedipus, lakini kuivika binti wa miaka 17 aumwaye kichwa ni jambo la kusifiwa.

Je, mwandishi ametutendea haki, au ametufanyia kiinimacho? Hili ndilo swali tulilolijadili sana na wanafunzi. Sisi tunasema ametenda haki, na ushahidi wetu uko mwanzoni kabisa. Cadence anapoeleza siku baba yake alipoihama nyumba yao, anasema baba alitoa bastola akampiga risasi ya kifua, damu ikatapakaa katika majani. Msomaji anashtuka, kisha anaelewa kwamba hapakuwa na bastola. Ni uchungu tu uliovalishwa mavazi ya risasi. Hapo ndipo mwandishi anapotuonya, waziwazi, kwamba msichana huyu husimulia mambo yasiyokuwako kana kwamba yako. Sisi tunajiona werevu kwa kuitambua sitiari, tunaendelea mbele kwa kiburi, na kiburi hicho ndicho kinachotutia shimoni. Dalili nyingine zimetawanywa kila mahali: wale watatu hawajibu barua alizowaandikia, hawaji kula katika nyumba mpya ya babu, Mirren huumwaumwa bila sababu. Tulipokisoma mara ya pili tuliona aibu kidogo.

Lakini taharuki peke yake ni pilipili bila chakula. Chakula cha riwaya hii ni mali. Bibi wa ukoo, Tipper, amekufa, na binti zake watatu, watu wazima wenye watoto, hawana kazi ya maana; wanaishi kwa fungu la baba yao, nalo linapungua. Basi wanagombania nyumba, vitambaa vya meza, vinyago vya pembe za ndovu. (Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuipita pembe ya ndovu bila kusimama kidogo.) Mzee Harris anajua nguvu aliyo nayo, naye anaitumia kama mchungaji anavyotumia chumvi: leo anamwonyesha huyu, kesho yule, ili wote wamfuate. Nao, wakiwa wamelewa divai, wanawasukuma watoto wao kwenda kumbembeleza babu wapate kuandikiwa urithi. Katikati ya sura mwandishi ameingiza ngano fupi fupi za mfalme na binti zake watatu, na mwenye kuijua tamthilia ya King Lear ya Shakespeare ataitambua mara moja. Tofauti ni kwamba hapa anayeteketea si mfalme. Watoto wanaamini kwamba nyumba ikiungua na ugomvi utaungua nayo. Ni hoja ya kitoto, na mwandishi anaijua kuwa ni ya kitoto. Hata mbwa waliofungiwa ndani hawakukumbukwa. Hivyo ndivyo uroho wa wazee unavyolipwa na wajukuu, na katika sehemu hizi kitabu kinafikia kimo cha fasihi ya kweli. Yeyote aliyewahi kuona ndugu wakigawana shamba la marehemu ataelewa bila kufafanuliwa.

Lugha yake imekatwakatwa. Mara nyingi sentensi inavunjwa katikati na kushushwa mistari kama shairi. Pengine hufaa, kwa kuwa ndivyo kichwa kilichopasuka kinavyofikiri, pengine inachosha. Johnny na Mirren nao ni wembamba mno. Tunajua mizaha yao kuliko tunavyowajua wao.

Lawama yetu kubwa, hata hivyo, inahusu Gat. Kijana huyu ana asili ya Kihindi, na ni mtoto wa ndugu yake Ed, mwenzi wa Carrie. Miaka inapita na Carrie hathubutu kuolewa na Ed, kwa kuwa anajua baba yake hamtaki na urithi uko mashakani. Mzee hamfukuzi Gat. Anamtazama tu kama mtu aliyepotea njia. Ni Gat peke yake anayeuona ukweli wa kisiwa kile, na ni yeye anayemwaibisha Cadence kwa kumwonyesha kwamba hata majina ya wafanyakazi wanaomtumikia hayajui. Huyu ndiye mhusika mwenye macho. Na mwandishi amfanyeje? Anamteketeza katika moto wa ugomvi wa urithi ambao yeye hakuwa na fungu ndani yake. Machozi yote ya kurasa za mwisho yanakusanywa kwa Cadence, juu ya majuto yake na kupona kwake. Hakuna kesi. Mama yake Gat, ambaye hatumwoni kisiwani, amempoteza mwanawe kwa mkono wa familia ya matajiri, na riwaya haina nafasi ya kwenda kumpa pole. Wapo watakaotujibu kwamba hilo ndilo kusudi, kwamba msimulizi ni mmoja wa akina Sinclair naye haoni zaidi ya pua yao. Huenda. Lakini tulipowauliza wanafunzi ni nani wanayemlilia, karibu wote walimtaja Cadence.

Limebaki jambo la lugha, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Tuliwapa wanafunzi ukurasa mmoja waufasiri kwa Kiswahili kama zoezi, tukagundua kwamba siri ya kitabu hiki haiwezi kuingia katika lugha yetu kwa urahisi. Kwetu mtu akifa jina lake hubadilika: huwa marehemu fulani, na kumtaja bila neno hilo ni utovu wa adabu. Mama wa Kiswahili angewezaje kumtaja mwanawe kwa miezi miwili bila neno hilo kumponyoka? Tena kuna matanga, kuna majirani wa kuja kutoa pole. Siri ingepasuka siku ya kwanza, kwa mgeni wa kwanza. Akina Sinclair wanaiweza kwa kuwa wamefundishwa kutolia mbele za watu, na kwa kuwa madaktari wamemshauri Penny amwache binti yake akumbuke mwenyewe. Kumbe kimya kile kilichotushangaza sisi ndicho desturi ya nyumba yao.

Katika madaftari yaliyorudi, msichana mmoja, yule yule aliyekwisha kuumaliza mwisho wa kitabu, alikuwa ameandika "marehemu Johnny" mahali ambapo Johnny anaruka baharini akicheka. Tulimwambia alifute, kwa sababu halimo katika Kiingereza. Alilifuta. Hata sasa hatuna hakika kama tulimsahihisha au tulimkosesha.