Mkono Unaojua Kuacha

Uvimbe wa moyo kwa watoto ni nadra, na mara nyingi si saratani. Hata hivyo moyo wa mtoto hauzidi ngumi yake. Uvimbe ukiziba njia ya damu, mtoto huhema akinyonya, au huzimia katikati ya mchezo. Kwa mama wa Rulenge, Ngara, au Nyakahura, Biharamulo, kuhema huko ni nimonia tu, na ni rahisi mtoto akatibiwa nimonia tena na tena kabla hajafanyiwa kipimo cha eko, yaani ultrasound ya moyo.

Akigundulika, safari huanza. Kutoka Ngara na Biharamulo rufaa inaweza kuelekea hospitali ya Bugando, Mwanza. Tangu 2025 daraja la Kigongo–Busisi, katika njia hiyo, limewaondolea wagonjwa foleni ya kivuko. Wengine huendelea hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, pale Muhimbili ambako upasuaji wa kufungua moyo ulianza nchini mwaka 2008.

Miksoma, aina mojawapo ya uvimbe huo, ndiyo inayoonyesha ufundi wa kukata. Ni laini, inateleza kama mlenda, na huning'inia kwa kikonyo kwenye ukuta kati ya chemba mbili za juu. Mashine hushika kazi ya moyo na mapafu, moyo husimamishwa kwa dawa baridi yenye potasiamu, kisha daktari hufungua chemba. Haubani uvimbe, maana kipande kikimeguka kinaweza kwenda ubongoni na kuleta kiharusi. Hukata ukuta kuzunguka kikonyo, akautoa mzima na shina lake, kisha akaziba tundu kwa kiraka cha utando wa moyo wa mtoto huyohuyo. Clarence Crafoord alifanikiwa kutoa miksoma kwa njia hiyo ya mashine huko Stockholm mwaka 1954.

Mimi lakini nawastahi zaidi madaktari wanapoweka kisu chini. Rabdomioma, aina ya uvimbe iliyo ya kawaida kuliko zote kwa watoto, mara nyingi husinyaa yenyewe katika miaka ya mwanzo. Kama damu inapita na mapigo hayajavurugika, daktari bingwa hakati: humpa mama tarehe ya eko nyingine, na humwonya kuhusu degedege, kwa kuwa wengi wa watoto hawa wana ugonjwa unaogusa pia ubongo na ngozi.

Faibroma, aina nyingine ya uvimbe, haisinyai. Hiyo hukatwa, ila ikiwa imeshikana na misuli inayovuta valvu, daktari hutoa kiasi cha kufungua njia ya damu, sehemu nyingine akaiacha palepale kwa makusudi.