Ndege Iliyowahi Kuitwa Yatima

Tarehe 1 Oktoba 1936 ndege ya mashindano aina ya Airspeed Envoy iliruka kutoka Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, ikaanguka na kuwaua Max Findlay na mwendesha redio wake, A. H. Morgan. Kwa aliye Mamba, mkoani Katavi, Tanzania, Mbala iko kusini, nyuma ya milima ya Ufipa. Yalikuwa mashindano ya kutoka Portsmouth hadi Johannesburg. Ndege 9 ziliondoka, 1 tu ikafika. Ya Envoy ile tumebakiwa na tarehe na majina. Lakini ndege nyingine ya enzi hizohizo ipo nzima: de Havilland Comet nyekundu iitwayo Grosvenor House, iliyoshinda mbio za mwaka 1934 kutoka Mildenhall, Uingereza, hadi Melbourne, saa 71 zikiwa hazijatimia. Mmoja wa marubani wake wawili, Tom Campbell Black, aliizoea anga ya Afrika Mashariki akiwa na Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929. Sasa ndege hiyo iko katika mkusanyiko wa Shuttleworth, Old Warden, Uingereza. Ushindi wake umesifiwa vya kutosha. Ninaotaka kuwasifu ni mafundi walioiokoa, kwa sababu naamini kuhifadhi ni ufundi wenye hadhi sawa na kuunda, na ugumu wake mkubwa ni mkono kujua mahali pa kukoma.

Litazame bawa lake. Ni jembamba, halina nguzo wala waya wa nje wa kulishikilia. Limevikwa vipande vya mbao nyepesi katika tabaka mbili zilizolazwa mshazari, la juu likilikatiza la chini, vikashikwa kwa gundi. Ngozi hiyo ndiyo inayobeba mzigo. Mchonga mtumbwi wa Ziwa Rukwa hahitaji kuelezwa zaidi, maana naye anajua kwamba ukuta wa chombo ukichongwa kupita kiasi, chombo kimekwisha. Anayelitengeneza bawa hilo hutoa ubao uliooza bila kuujeruhi ulio jirani, huchonga mwingine ambao nyuzi zake zinaelekea upande uleule, huupiga randa mpaka kidole kipite juu ya kiungo bila kukwama, kisha huweka randa chini. Akiongeza msasa kidogo kwa kupenda mng'aro, ameshapunguza unene uliohesabiwa na waundaji. Hakuna mtazamaji atakayekijua kiasi hicho, wala hakuna atakayempongeza kwa kukiacha.

Ugumu mwingine ni wa kuamua. Baada ya mbio zile ndege ilijaribiwa na jeshi la anga, ikaharibika, ikauzwa kama chakavu. Mwaka 1937 ilifufuliwa ikashindana kwa jina la The Orphan, yaani Yatima, na mwishoni mwa mwaka huohuo, ikiitwa The Burberry, ikaenda Cape Town na kurudi. Miaka ya vita iliikuta nje, Gravesend, ikinyeshewa. Ilifika Shuttleworth mwaka 1965, ikaruka tena mwaka 1987, halafu mwaka 2014 baada ya kukaa chini muda mrefu. Sasa irudishwe katika siku ipi ya maisha yake? Wamechagua wekundu wa 1934 na namba 34 ya mashindano. Siwalaumu, ila uamuzi huo unamfunika yatima, na kwa maoni yangu maelezo yaliyo kando ya ndege yanapaswa kumtaja waziwazi.

Wapo wanaosema kwamba mbao zikibadilishwa moja baada ya nyingine, mwishowe kinachobaki ni ndege mpya yenye jina la marehemu. Hoja hii ni nzito. Jibu lake limo katika daftari la karakana: nini kimetolewa, nini kimewekwa, lini na nani. Daftari likiwepo, kila kiraka kinajulikana na ndege inabaki mkweli. Lisipokuwepo, hata kazi nzuri kiasi gani inakuwa ughushi. Kuhusu kuirusha, moyo wangu uko upande wa tahadhari, ingawa nakiri kwamba fundi anayejua kuna mtu atakaa ndani ya kazi yake hagusi gundi kwa uzembe.

Wengine watauliza mbio za wakoloni matajiri zinatuhusu nini. Zilipita juu ya vichwa vya babu zetu, na sehemu yao katika habari hiyo haijaandikwa. Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yanaonyesha Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere, na hakuna anayeona kwamba kuitunza ni kuutukuza ukoloni. Wala uhifadhi si anasa ya wenye fedha. Mwaka 1916, kabla ya Wajerumani kuizamisha meli ya Ziwa Tanganyika tunayoiita Liemba, mafundi walizipaka injini zake grisi nene. Ilipoibuliwa mwaka 1924 bado zilifaa kutengenezwa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Bandari zetu za Karema na Ikola zilikuja kuhudumiwa na kazi ya mafundi ambao hawakuwa na uhakika kwamba grisi yao ingemfaa mtu.

Ningepewa nafasi ya kupanga chumba cha Comet, ningeweka chini ya bawa lile ubao mmoja uliotolewa, mweusi kwa unyevu, gundi yake ikiwa imeachia, na kando yake ule uliochongwa kuchukua nafasi yake. Kisha, kwenye ukuta ulio mkabala, ramani ya njia ya kwenda Johannesburg, Abercorn ikiwa imetiwa alama.