Klara Hajui Maana ya "Tupo"

Riwaya ya Kazuo Ishiguro, Klara and the Sun, ilitoka mwaka 2021, ya kwanza tangu apewe Nobeli ya Fasihi mwaka 2017. Wengi wameisoma kama hadithi ya roboti mwenye upendo. Mimi nimeisoma Manzese, kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na korido moja, na kwangu ni kitabu cha kuuguza. Klara ni mashine iliyotengenezwa iwe rafiki wa mtoto. Ananunuliwa dukani akakae na Josie, binti anayeumwa, na kazi yake kubwa ni kuangalia: mwendo, mabega, sauti, macho. Kutokana na hayo anakisia moyoni mwa mtu kuna nini.

Kazi hiyo si ya kwenye riwaya tu. Mwaka 1997 Rosalind Picard wa MIT, Marekani, alichapisha Affective Computing, akitetea kwamba kompyuta ikitaka kutufaa sawasawa lazima ijifunze kutambua hisia zetu. Leo wazo hilo linauzwa kwa sura nyingi. Kuna saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo ikakwambia una msongo. Kuna programu za simu zinazosikiliza sauti ya mgonjwa zikitafuta dalili za sonona. Japani wanaye Paro, mdoli wa sili anayeitikia akipapaswa, wanamtumia kuwaliwaza wazee wenye ugonjwa wa kusahau.

Sifa ya Ishiguro ni kwamba anamwacha Klara akwame. Akiwa bado dukani, kupitia kioo anawaona mama mmoja na mzee mmoja wakikutana ng'ambo ya barabara na kukumbatiana. Anashangaa: wana furaha, mbona nyuso zao ni kama za watu walioumia? Meneja wa duka ndiye anayemweleza kwamba furaha na uchungu huweza kuja pamoja. Baadaye, kwenye maporomoko ya maji, mama yake Josie anakaa mbele yake, na macho ya mashine yanaukata uso ule kama visanduku. Kisanduku kimoja kina ukatili, kingine huzuni. Basi, jibu moja halipo. Kurasa zile nazipenda kwa sababu mwandishi hakumpa Klara kitufe cha kuamua.

Wenye viwanda hawana subira hiyo. Mashine nyingi za aina hii zimejengwa juu ya dhana iliyoenezwa na Paul Ekman, kwamba kuna hisia chache za msingi, sita hivi, ambazo uso wa binadamu huzionyesha vilevile kila mahali. Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia tafiti nyingi wakaonyesha kwamba uso peke yake hauaminiki: mtu anaweza kukunja uso bila hasira, na akawa na hasira bila kukunja. Mwaka 2022 Microsoft ikatangaza kuiondoa huduma yake ya kukisia hisia kwa kutazama uso.

Huku uswahilini hilo halikusubiri utafiti. Mgonjwa ukimuuliza hujambo, atakujibu sijambo, ndipo mengine yafuate. Shikamoo huitikiwa marahaba hata na mtu anayekaribia kukata roho. Kazi ya kusikiliza inaanza baada ya hapo. "Namshukuru Mungu" ya haraka ni kitu kimoja, ya kuvuta ni kingine. "Tupo" ndiyo mbaya. Bibi wa chumba cha pili akisema "tupo tu, mwanangu", mama wa chumba cha tatu anaepua sufuria na kuingia kumtazama. Maneno hayo yote kwenye kamusi ni ya heri, mashine ingeyaandika "salama" ikaendelea na shughuli zake.

Mama yangu mkubwa alipata kiharusi, mdomo ukaenda upande. Nusu ya uso wake inacheka, nusu imelala. Kamera ya kusoma hisia ingempa huzuni kutwa nzima, wakati ndiye mtani kuliko wote nyumbani. Na siku ana maumivu kweli hasemi. Anajikaza, anauliza kama watoto wamekula. Akiuliza mara ya pili, tunatafuta dawa.

Nisieleweke vibaya. Kipimo cha presha cha nyumbani nakipenda, namba ni namba. Na kuna usiku ambao wote tumelala hoi, kitu kinachokesha kama Klara kingetufaa sana. Ishiguro anaujua mvuto huo, tena anausukuma mpaka mahali pa kutisha: mama yake Josie anapanga kwamba binti akifa, Klara amwigize. Mwishoni Klara mwenyewe anagundua kwa nini isingewezekana. Kile cha pekee hakikuwa ndani ya Josie, kilikuwa ndani ya waliompenda.

Jambo moja riwaya hailigusi, maana nyumba ya Josie imejitenga na mlango wa chumba unafungwa ukafungika. Huku kwetu nyumba nyingi hazina dari, kuta zinaishia njiani. Simu itakayosikiliza pumzi za bibi wa chumba cha pili itasikia pia ugomvi wa chumba cha nne. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sawa, lakini kwenye korido nani anaombwa ridhaa? Mgonjwa, mwenye nyumba, au wapangaji wote?

Lawama yangu kubwa kwa Ishiguro ni Melania, mfanyakazi wa ndani. Yeye ndiye anayehangaika na Josie kila siku, na ndiye anayemtilia shaka mapema Bwana Capaldi, yule wa kutengeneza "picha" ya binti. Lakini amepewa Kiingereza kilichovunjika cha kuchekesha, huku mashine ikiongea kwa adabu na ufasaha kurasa zote. Anayejua kuuguza hakupewa hadithi aisimulie. Natamani kitabu hiki kitafsiriwe, na ninamhurumia atakayejaribu, hasa akifika kwa Melania. Amwongeleshe Kiswahili cha wapi? Cha dada wa kazi aliyeshuka juzi kwenye basi la Singida? Wasomaji watacheka, halafu atakayelaumiwa ni mtafsiri.