Gutiérrez hakufika Ntoto

Wandugu wasomi wa Masisi na Walikale, kila tarehe 16 Februari tunajaza ukurasa huu picha za maandamano ya Wakristo, Kinshasa, 1992. Watu walitoka na Biblia na rozari kudai Mobutu afungue tena Mkutano Mkuu wa Taifa. Askari wakawapiga risasi. Mimi pia huwa naziweka. Lakini mwaka huu nimesoma upya kitabu cha Gustavo Gutiérrez cha 1971 juu ya teolojia ya ukombozi, na kuna mahali nimekwama.

Anachosema kinatugusa: Mungu yuko upande wa maskini, na dhambi inaweza kukaa ndani ya mipango ya nchi, si moyoni mwa mtu tu. Sawa. Shida yangu ni kwamba, namna ninavyomsoma mimi, maskini wake wanasimama upande mmoja, mkandamizaji upande mwingine. Kwetu haikuwa hivyo.

Machi 1993, mauaji yalianza sokoni Ntoto, Walikale, yakapanda mpaka Masisi, yakamaliza maelfu. Aliyeshika panga na aliyekatwa, wengi wao walikuwa wakulima wanaotafuta kipande cha shamba. Mkono wa udikteta ulikuwepo, tena sana. Sheria ya 1972 iliwapa watu uraia, ya 1981 ikawanyang'anya. Baada ya 1973 mashamba makubwa ya wazungu yakaenda kwa wakubwa wa utawala, mwananchi akaachiwa kugombana na jirani yake. Lakini risasi za Kinshasa zilitoka kwa askari. Panga la huku lilitoka nyumba ya pili.

Halafu Mokoto. Mei 1996 mamia ya Watutsi walikuwa wamekimbilia kwa watawa Watrapisti, kule Masisi. Wanamgambo wakaingia, wakaua hata ndani ya kanisa, na kati yao walikuwemo waliobatizwa. Teolojia inayojua kumwambia tu maskini « simama » ingesema nini pale? Wote walikuwa wamesimama.

Ndiyo maana kwangu Munzihirwa ananifundisha zaidi ya kitabu. Huyu askofu mkuu wa Bukavu aliwakemea askari wa Mobutu waliopora raia. Mwaka 1996 akawatetea pia wakimbizi Wahutu wa Rwanda, wakati kuwatetea kulikuwa kunachukiza wengi. Tarehe 29 Oktoba wakamuua. Watu humwita Romero wa Kongo, na sipingi, ila naona jina hilo linaficha kitu: alitetea mtu ambaye hata baadhi ya waumini wake hawakutaka kumsikia. Hicho ni kigumu kuliko kumpinga Mobutu.

Aliyemfuata, Kataliko, aliandika ujumbe wa Noeli 1999 uliomfanya RCD wamfukuzie Butembo kwa miezi saba. Ujumbe huo tunaupenda sana hapa, maana unataja nguvu za kigeni zinazoendesha vita kwa mali ya nchi yetu. Ila sentensi ileile inataja pia ndugu zetu Wakongo wanaoshirikiana nazo. Hiyo sehemu, katika kila nukuu tuliyoweka hapa, pamoja na zangu mbili, imekatwa.