Yunia wa Warumi 16:7: Jina, Ngeli na Jinsia katika Usomaji wa Meru na Embu

Katika sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi, Paulo anawasalimu watu zaidi ya 20 kwa majina. Wawili kati yao, Androniko na Yunia, wanatajwa katika aya ya 7 tu. Aya hiyo yawaeleza kuwa jamaa za Paulo, wafungwa wenzake, waumini waliomtangulia, na mashuhuri miongoni mwa mitume. Swali lililowashughulisha wahakiki ni iwapo Yunia alikuwa mwanamume au mwanamke. Makala haya yanadai kwamba swali hilo ni la lugha kabla ya kuwa la teolojia.

Hati za kale za Kiyunani hazikutia alama za shadda. Umbo la jina lililomo katika aya hii likitiwa shadda mahali pamoja ni la kike, Yunia. Likitiwa pengine ni la kiume, Yuniasi. Yohana Krisostomo, aliyefariki mwaka 407, alimsifu Yunia kuwa mwanamke aliyestahili kuitwa mtume. Baadaye, katika Zama za Kati, Egidio wa Roma alimhesabu kuwa mwanamume. Na toleo la Nestle la 1927 likatia shadda ya kiume, iliyodumu katika matoleo hayo hadi 1998. Ushahidi wa majina unaipinga shadda hiyo. Yunia limepatikana zaidi ya mara 250 katika maandishi ya Roma ya kale, ilhali Yuniasi halijapatikana hata mara moja. Kama Eldon Jay Epp alivyobainisha mwaka 2005, msingi wa usomaji wa kiume ulikuwa dhana kwamba mwanamke hangeweza kuwa mtume.

Tafsiri ya Muungano ya Kiswahili ya 1952 imelihifadhi umbo Yunia. Hata hivyo, uaminifu huo pekee hautoshi. Ngeli ya kwanza huwaweka mume na mke chini ya upatanisho mmoja. Jamaa, mfungwa na mtume ni maneno yasiyofichua jinsia. Kiishio nacho hakiamui: Zakaria, Yeremia na Anania wako upande mmoja, Maria na Lidia upande wa pili. Fibi, anayetangulia katika sura hiyo hiyo, anaitwa dada. Yunia hana neno kama hilo. Hivyo tafsiri sahihi yaweza kuzaa usomaji potofu, kwani msomaji huliziba pengo la matini kwa mazoea yake, na mazoea yamemfunza kuwa mitume ni wanaume.

Kimeru na Kiembu, zikiwa lugha za Kibantu, zina pengo hilo hilo la ngeli. Lakini utoaji majina wa Wameru unatoa kielelezo kinachofaa. Kirimi ni mwanamume, Karimi ni mwanamke. Mutwiri ni mwanamume, Gatwiri ni mwanamke. Shina ni moja, na tofauti ya Kirimi na Karimi ni irabu moja tu. Hakuna Mmeru ambaye, akisikia kuwa Karimi amepewa cheo kikubwa, atadai kwamba mwandishi alikusudia Kirimi. Yunia alitendewa hivyo hasa: cheo kilitumiwa kulisahihisha jina, badala ya jina kutumiwa kukieleza cheo.

Yapo mabishano mengine. Mwaka 2001 Burer na Wallace walidai kuwa Yunia alijulikana tu kwa mitume, bila yeye kuwa mmoja wao. Hoja hiyo inastahili kupimwa kwa sarufi ya Kiyunani, lakini inahusu cheo. Jinsia ya Yunia haiigusi.

Suala hili si la maktaba tu. Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, ambalo misheni yake ya Chogoria ilianza mwaka 1922, lilimweka wakfu mchungaji wake wa kwanza mwanamke, Nyambura Njoroge, mwaka 1982. Aliyerejea wakati huo kwenye matoleo ya Nestle kutafuta ushahidi angalikuta shadda ya kiume, huku Biblia ya Kiswahili mkononi mwa muumini wa kawaida ikisema Yunia. Kwa hiyo, watafsiri wa Kiswahili, Kimeru na Kiembu hawana haja ya kulibadili jina. Wanachohitaji ni tanbihi fupi chini ya aya: Yunia ni mwanamke.