Kupokezana Hadi Majogoo

Mwanamuziki wa dansi hapimwi saa tatu usiku. Saa hiyo kila mtu ni hodari: mashati bado yana mkunjo wa pasi, nyuzi za gitaa zimekaa sawa, koo la mwimbaji ni laini, na watu wanaoingia ukumbini hawajaanza kudai chochote. Mpime saa nane, jasho likiwa limekauka na kulowa tena mara kadhaa, na mteja wa meza ya mbele ndiyo kwanza anaagiza kreti ya bia na kutuma kikaratasi cha wimbo anaoutaka. Mpigaji anayeweza saa hiyo kuiweka kila noti mahali pake, bila kukimbia na bila kuzembea, ana ufundi ambao hatujausifu inavyostahili. Tumesifu utunzi, tumesifu sauti, tumesifu vidole vyepesi. Mimi nataka kusifu kukesha.

Nitausemea ufundi huu kwa bendi za Dar es Salaam, maana huko kukesha kulipata shule. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Baadaye ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma, ambayo mashabiki wake huiita Baba ya Muziki. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978, na mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC. Hiyo ndiyo Sikinde. Jeshi lilikuwa na bendi, polisi walikuwa na bendi, magereza na umoja wa vijana vilevile. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kupiga usiku baada ya usiku. Mwisho wa wiki uliongezewa bugi, dansi la mchana la vijana, kabla ya dansi lenyewe la usiku. Mtu aliweza kulishika gitaa mchana jua likiwaka na kulitua watu wa alfajiri wakianza kuamka.

Tuanze na mwili, kwa sababu muziki wa usiku kucha ni kazi ya sulubu. Chemko la wimbo, ile sehemu ya pili inayokwenda kasi, likienda kwa mapigo 120 kwa dakika, dakika kumi tu ni mapigo 1,200, na mkono wa mpiga dramu unaogonga matoazi huenda mara mbili ya hapo. Mpiga rithim hurudia mchapo uleule wimbo mzima. Vidole vyake vimeota sugu, lakini sugu haimsaidii kifundo cha mkono. Gitaa la besi lina uzito wa kilo nne hivi, na zote zinaning'inia kwenye bega moja. Mpuliza tarumbeta anategemea misuli midogo ya midomo, na misuli hiyo ikishachoka haiamrishiki. Akijaribu kuisaidia kwa kuikandamiza tarumbeta kwenye meno, damu haipiti vizuri mdomoni, sauti za juu zinakatika, na usiku wake umekwisha. Mwimbaji naye anaishi kwa nyuzi mbili ndogo kooni, zinazotetemeka zaidi ya mara mia kwa sekunde kila anapoimba. Zinataka maji na zinataka hewa safi. Baa humpa moshi na pombe.

Wanaodumu katika kazi hii hujifunza kwanza kupunguza nguvu. Mtazame mpiga dramu mkongwe: kijiti anakiachia kidunde chenyewe na kurudi, bega halipandi, taya halikazwi. Mpiga solo aliyekomaa hulibonya gitaa kwa kiasi kile tu ambacho uzi unahitaji ili utoe sauti safi, kwa sababu kila nguvu inayozidi hapo ni hasara atakayoilipa baadaye. Mpuliza saksafoni huvuta pumzi kutoka tumboni, na huivuta kabla ya ile ya kwanza kumwishia. Mwimbaji hashindani na magitaa. Anamwomba fundi mitambo ampandishe kidogo kwenye spika iliyo mbele yake, kisha anaimba kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani. Kijana aliyeingia bendini juzi huimaliza misuli yake yote katika nyimbo tano za mwanzo, akishangiliwa. Mkongwe huweka akiba, tena huiweka kwa namna ambayo masikio ya mashabiki hayawezi kuigundua. Ukimsikia anapunguza, basi amezembea. Ufundi ni kupunguza jasho huku muziki ukibaki na uzito wake.

Pamoja na hayo yote, kidole kimoja hakivunji chawa. Mwili wa mtu mmoja, hata ukitunzwa vipi, hauwezi kuubeba usiku mzima ukiwa peke yake, na hapa ndipo bendi za dansi zilipoonyesha hekima kubwa kuliko zote. Orodha ya bendi kubwa ya Dar es Salaam iliweza kuwa na watu ishirini na zaidi, ilhali jukwaani wanahitajika kumi na kidogo kwa wakati mmoja. Waimbaji wanne au watano, wapiga solo zaidi ya mmoja, besi ina mtu na msaidizi wake, dramu na tumba hali kadhalika. Anayeona kwa nje aliweza kudhani ni fahari tu ya mashirika yenye fedha. Ilikuwa hesabu ya saa. Dansi linafunguliwa na vijana, kwa nyimbo za kupasha ukumbi moto, wakubwa wakiwa bado nje wanazungumza. Watu wakijaa, wakubwa wanapanda. Usiku ukikomaa, wanabadilishana. Mpiga dramu wa pili husimama nyuma ya mwenzake, anausikiliza mzunguko, na miguu ya wachezaji haitakiwi kuhisi chochote pale kijiti kinapobadilisha mkono. Anayetoka hajashindwa. Ametoka ili arudi, na mwenzake amepata nafasi ya kukua.

Wimbo wenyewe umejengwa kwa hekima hiyohiyo. Sehemu ya kwanza inakwenda taratibu: kisa kinasimuliwa, cha ndoa, cha fitina, cha msiba au cha fedha, na hapo waimbaji ndio wenye kazi. Tarumbeta na saksafoni zinaingia kati ya ubeti na ubeti, kisha zinanyamaza na midomo inapumzika. Halafu wimbo unageuka. Linaingia chemko, magitaa yanashika usukani, na waimbaji wanabaki na kiitikio kifupi, wanakunywa maji, wanapiga hatua za pamoja. Ukifuatilia vizuri utaona kwamba ni nadra watu wote jukwaani kubeba mzigo mzito kwa wakati mmoja na kwa muda mrefu. Mtunzi amewapangia zamu ndani ya wimbo, kama vile kiongozi alivyowapangia zamu ndani ya usiku.

Kisha yasikilize magitaa. Solo, solo la pili, rithim na besi, kila moja lina kipande chake kifupi, na katika kila kipande kuna pengo. Pengo la hili linajazwa na lile. Anayecheza sakafuni anasikia kitu kimoja kilichoshonana, kama mkeka usioonyesha ukindu ulipoanzia. Lakini mpigaji mmoja mmoja ana noti chache tu mkononi, na kati ya noti na noti vidole vyake vinapata nafasi ya kulegea. Ninaamini kabisa kwamba uzuri huu ulilelewa na urefu wa usiku. Watu wanaotakiwa kupiga kwa saa tano au sita hujifunza kuachiana nafasi, na kuachiana nafasi ndiko kulikotupa ule msuko wa Msondo na Sikinde tunaoutambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Anayepiga dakika arobaini na kwenda zake anaweza kujaza kila mahali. Mkeshaji hawezi, na kutoweza kwake kumekuwa neema kwa masikio yetu.

Anayezishika zamu hizi zote ni kiongozi wa bendi, na kazi yake haionekani. Macho yake yako sakafuni na kwa watu wake pia. Akiona wachezaji wamechemka, anaacha chemko liendelee, kwa kuwa ukumbini halina mwisho ulioandikwa; wimbo uliorekodiwa Radio Tanzania kwa dakika chache unaweza hapa kunyooshwa maradufu. Akiona mpiga tumba ameanza kukaza mabega, anaita rumba ya polepole, na wapenzi wawili waliokuwa wakiisubiri wanadhani wamechaguliwa wao. Usiku wa vunja jungu, kabla ya Ramadhani, watu hawataki kwenda nyumbani, na kiongozi lazima ajue tangu mwanzo kwamba nyimbo nzito aziweke mwishoni. Mfungo ukiingia, bendi nyingi hupumzika: mwaka nao unazo zamu zake.

Kukesha usiku mmoja ni jambo, na kukesha maisha ni jambo jingine. Muhidin Gurumo alianza kuimba mwanzoni mwa miaka ya 1960, akapita NUTA, akawa Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978, akahamia Orchestra Safari Sound mwaka 1985, akarudi tena Msondo, na akastaafu mwaka 2013, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Hiyo ni zaidi ya nusu karne mbele ya kipaza sauti. Michael Enoch, aliyeitwa King Enoch, alitamba kwa gitaa la solo akiwa Dar es Salaam Jazz, na Mlimani Park akashika saksafoni na kuwa mwalimu wa wengine. Hassani Bitchuka aliitunza sauti yake ya juu kwa miongo mingi, katika kazi inayoziharibu sauti za juu mapema. Hawa hawakubahatika tu. Walijua lini wakaze na lini wampishe mwenzao. Na wako ambao barabara haikuwapa nafasi ya kuzeeka: Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34, akatuachia nyimbo ambazo wapigaji wa leo bado wanakesha wakizipiga.

Ndiyo maana nina deni la kusema jambo moja kwa uwazi. Tangu mashirika yalipoanza kujitoa kwenye muziki, bendi zimebaki zikiishi kwa viingilio na makubaliano na wenye baa. Njia ya kwanza ya kubana matumizi imekuwa kupunguza watu: tarumbeta zimeingizwa kwenye kinanda, mpiga besi hana msaidizi, dramu ina mtu mmoja. Saa za usiku hazikupunguzwa. Mwenye baa akiwalipa watu sita wafanye kazi ya ishirini, alichokifuta kwenye hesabu yake ni zamu, na zamu ndiyo iliyokuwa afya ya bendi. Mpiga dramu asiye na wa kumpokea huumia kifundo. Mwimbaji asiye na wa kumpokea hupaaza hadi koo linakwaruza, na keshokutwa hana sauti ya kuuza.

Masikio nayo yanahitaji ulinzi. Wataalamu wa afya kazini huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapopanda tatu, muda salama hupungua nusu. Zikifika 100, muda huo ni dakika 15. Jukwaa la baa hufika huko bila taabu, na mwanamuziki hukaa hapo saa nzima mara nne, mara tano. Vizibo vya masikio si ulegevu, wala kumgeuzia mtu spika isimpige kisogoni si anasa. Kiti cha mpiga besi, maji jukwaani, chakula kabla ya saa tatu badala ya chipsi baridi baada ya kazi, usafiri wa uhakika wa kurudi nyumbani: haya ni vyombo vya kazi sawasawa na gitaa, na mwenye ukumbi anayeyatoa anaununua muziki ulio bora.

Sisi tunaokwenda dansini nasi tuna sehemu yetu. Tukae hadi wimbo wa mwisho, kwa sababu huo ndio uliogharimu zaidi. Tusimzomee kijana anayefungua ukumbi, kwa kuwa ndiye anayemhifadhia mkubwa pumzi tutakayoifurahia baadaye. Noti anayobandikwa mwimbaji kwenye paji la uso ni halali yake, aipokee. Lakini toa na nyingine, ipeleke nyuma, umpe mpiga rithim ambaye hakutazamwa na mtu usiku kucha, kwa sababu sauti uliyoipenda imesimama juu ya mkono wake.